Kioo Kilizima, Simu Ikaendelea Kuita

Kazini walimwita Mama Mikunjo, na ulikuwa utani mtupu, kwa sababu shuka likitoka mikononi mwake halikuwa na mkunjo hata mmoja. Alipiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali, mwaka wa kumi na moja huo, kati ya mashine ya mvuke na rafu za mashuka ya wagonjwa. Mtoto hakujaliwa. Mume alikuwa naye, tena mume wa kucheka naye, mpaka homa ya siku tatu ilipomchukua, sasa yapata miaka miwili. Tangu hapo mwanamke huyu akawa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unauona ni wako, lakini ukiufinya husikii kitu.

Siku ya mazishi hakutoa chozi. Mdogo wake wa kike, waliyechangia tumbo moja, akamwambia mbele ya watu, "Dada, hata kulia kumekushinda?" Hawakuongea tena. Habari za mama yao alizisikia kwa shangazi, kwa nadra. Akahama nyumba aliyoishi na mumewe, akapanga chumba kimoja nyuma ya hospitali, na kwao hakumwambia mtu ni wapi.

Jioni moja, akivua aproni, simu ilimponyoka ikaanguka kwenye sakafu ya saruji. Haikupasuka wala kukwaruzika, ila kioo kilikuwa cheusi tititi. Akabonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Akaitia mfukoni, akaenda zake kulala. Asubuhi alipita mbele ya kibanda cha fundi wa simu, hatua chache kabla ya geti la hospitali. Kilikuwa wazi, fundi anafagia. Wakasalimiana, akapita. Nani wa kumpigia?

Saa tatu simu ikaita.

Aliitoa mfukoni akaitazama. Iliita na kutetemeka, lakini kioo kiza. Akapitisha kidole pale alipozoea kupokelea, akapitisha tena, akakifuta kioo kwa upindo wa shuka. Ikaita mpaka ikachoka. Baada ya dakika mbili ikaanza upya.

"Ipokee basi, Mama Mikunjo," msimamizi alipaza sauti juu ya kelele za mashine. "Au unadaiwa mahari?"

Wenzake wakacheka. "Haioni," alijibu, akavuta shuka jingine.

Iliita asubuhi nzima. Angeweza kuomba ruhusa ya nusu saa, na msimamizi hakuwa mtu mbaya. Hakuomba. Kila ilipoita alisimamisha pasi, akangoja inyamaze, akaendelea. Kufika saa sita haikuita tena, na ule ukimya ndio uliomsumbua. Saa ya chakula akavuka barabara.

Fundi alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye lenzi iliyofungwa kwa mpira kwenye paji la uso.

"Imeingia maji?"

"Imeanguka. Jana jioni."

"Na chaji?"

"Ilikuwa nayo. Inaita, ila haionyeshi kitu."

"Basi hii haijafa, dada. Imepofuka tu. Wengi hukimbilia kununua nyingine, kumbe mgonjwa anapumua." Alibana kitufe cha kuwashia pamoja na cha sauti, akahesabu kimoyomoyo. Simu ikatetemeka mara moja, kioo kikabaki vilevile. Akaichomeka kwenye chaja, akaitegea sikio. Akamulika tochi kioo kwa pembeni, akainama. "Hata kivuli cha picha hakuna. Tuifungue."

Akapasha moto kingo kwa hewa, akabandua mgongo wa simu taratibu kwa kipande chembamba cha plastiki, akaanza kutoa skrubu ndogo kama mbegu za ufuta. Kisha akashusha lenzi.

"Huyu hapa mchawi wako. Huu waya bapa wa kioo umechomoka mahali pake. Kuanguka tu." Akapasafisha kwa brashi na spiriti, akaubonyeza kwa ncha ya kidole mpaka ukalia *tik*. Kioo kikawaka.

Simu kumi na saba ambazo hazikupokelewa. Zote za mdogo wake. Chini yake ujumbe, wa kwanza wa jana usiku.

"Dada, mama amesema miaka miwili imetosha, kesho lazima akuone. Tunakuja na basi la alfajiri."

"Tumefika kituoni. Njoo utuchukue, kwako hatukujui."

"Mama anauliza kama umebadilisha namba."

"Dada, hata kwa mama?"

"Tunarudi na basi la saa saba."

Ilikuwa saa saba na nusu. Fundi, aliyekwisha kubandika mgongo wa simu, alimtazama usoni. "Kuna msiba?"

"Hapana," alisema. Akapiga hapo hapo, amesimama.

"Ndiyo," sauti ya mdogo wake ilikuja na mngurumo wa basi.

"Simu ilizima kioo."

"Tangu lini?"

"Jana jioni."

"Hukupata fundi?"

Uongo ulikuwa karibu, tena mwepesi. "Alikuwepo," alisema. "Nilipita tu."

Ikasikika sauti ya mama yao ikiuliza ni nani, ikiuliza tena kwa ukali, kisha simu ikabadilisha mikono.

"Umekula?" mama aliuliza.

"Bado, mama."

"Hili basi litasimama kwenye kituo cha mafuta cha mwisho wa mji, watu wachimbe dawa, wajisaidie. Sisi tunashuka. Sikutoka kwangu gizani nije kutazama kituo cha mabasi."

Hakurudi kuaga kazini. Alipanda pikipiki na aproni yake, upepo ukimpiga, akijiambia kwamba akiwaona tu atalia. Aliwakuta kivulini kando ya pampu, mama amekaa juu ya begi, mdogo wake amesimama. Akampigia mama magoti, akashikwa kichwa kwa mikono miwili. Akangoja. Hakikuja kitu.

"Umekonda," mdogo wake alisema, akimtazama kama anayesoma barua ndefu. Kisha akainama. "Shika huu mkono wa begi. Ni zito."

Jioni mama alikaa kitandani katika kile chumba kimoja, akalibonyeza godoro, akasema ni gumu, akalilalia hivyo hivyo. Dada wawili wakabaki kwenye mkeka. Maneno yalikuwa machache: shangazi mgonjwa, paa linavuja. Mdogo mtu akalala kwanza. Mama Mikunjo akamfunika shuka, kisha akamwandikia msimamizi kwamba kesho atachelewa.