Thelathini na Nane, Tamu Kolea

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa daftari, penseli na kigoda kilichowekwa upande wa nje wa pazia. Duka lilikuwa Chang'ombe, chumba chenye cherehani tatu za miguu na benchi moja la wateja. Mwenye duka tulimwita Mama Fundi. Zamani zile mwanamume hakumpima mwanamke, kwa hiyo yeye aliingia nyuma ya pazia na mteja, akamzungushia futi, yaani utepe wa kupimia, akataja vipimo kwa sauti. Mimi niliandika. Chumba cha nyuma alikaa Mkataji, mzee wa Kondoa mwenye mkasi ambao hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuushika. Mkataji hakuwaona wateja. Alisoma daftari, akakata.

Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita. Baba na mama walishafariki, na nyuma yangu walikuwepo wadogo watatu. Mama Fundi alinichukua kwa majaribio ya wiki moja kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Nikiipata kazi, tungebaki pamoja. Nikiikosa, ndugu walikuwa tayari kutugawana: huyu Mpwapwa, yule Manyoni.

Mchana wa siku hiyo akaja mama mmoja wa Area D, mnene wa haki, mwenye kicheko kilichomtangulia mlangoni. Jumamosi alikuwa anamuaga binti yake, na alileta kitambaa cha zambarau alichotumiwa na dada yake kutoka mbali, kipande cha gauni moja tu. Kwenye benchi alikuwa ameketi mkwe mwenzie, mama wa bwana harusi, mwembamba kama ufito, akisubiri gauni lake.

"Kifua arobaini, tamu," Mama Fundi alitaja. "Kiuno thelathini na nane, tamu kolea. Nyonga arobaini na mbili, tamu kolea."

Niliandika 40, 38, 42. Maneno yaliyobaki niliyachukulia kuwa porojo za kumchangamsha mteja.

"Thelathini na nane," mama wa bwana harusi alisema kutoka kwenye benchi. "Si haba."

"Nimepungua, mkwe wangu," sauti ilijibu nyuma ya pazia. "Pilikapilika za sherehe."

Alhamisi alikuja kujaribu. Gauni lilipita mabegani kwa shida, likafika kiunoni, likagoma. Mama Fundi akatoka nyuma ya pazia na kuniita chumba cha ndani kwa kidole.

"Nani kaandika thelathini na nane?"

"Mimi, mama. Ndivyo ulivyotaja."

"Nilitaja tamu kolea."

"Sikujua kama ni hesabu."

Mkataji akaweka mkasi chini. "Ulimfundisha lini? Au nyie Wagogo huzaliwa mnaijua?"

"Nyamaza wewe Mrangi. Umekata bila hata kuuliza."

Ndipo nilipofundishwa, nikiwa nimesimama. Benchi lilisikia kila namba, na hakuna mwanamke aliyetaka kiuno chake kitangazwe Chang'ombe nzima. Kwa hiyo Mama Fundi alipunguza kwa mdomo na kuturudishia kwa neno. Tamu ilikuwa inchi mbili za kuongeza. Tamutamu ilikuwa nne, na tamu kolea sita.

"Sasa usiende kusema Mama Fundi ni mwongo," aliniambia. "Uongo unamwibia mtu. Huu wangu ni utamwongo, una sukari ndani yake. Mdomo una ruhusa. Daftari halina."

"Na wiki yangu, mama?"

"Wiki yako imo mle ndani ya lile gauni."

Fundi mzuri huacha akiba ya mshono, nusu inchi ya kitambaa inayolala ndani ya kila ukingo ili gauni liweze kufunguliwa. Akiba ile haikufika hata nusu ya njia. Kitambaa cha zambarau kilikuwa kimekwisha. Mkataji akafukua sanduku la mabaki, akapata kitenge cha njano, akakata vipande viwili virefu, vyembamba kwapani na vipana nyongani. Akafumua gauni ubavuni kulia na kushoto, akavitia. Nilikanyaga cherehani mwenyewe huku yeye akinisimamia. Yule mama alisubiri nyuma ya pazia akiwa na kanga, na mkwe mwenzie, ambaye gauni lake lilikuwa tayari tangu asubuhi, hakuondoka.

Hatimaye pazia likafunguliwa. Zambarau katikati, njano kila upande. Benchi zima likageuza shingo.

"Hizo njano za ubavuni za nini?" mama wa bwana harusi aliuliza.

"Ndio mtindo," Mama Fundi akajibu.

"Mtindo gani? Unaitwaje?"

Mama Fundi, mwenye neno kwa kila jambo, akafungua mdomo na kuuacha wazi. Akilini nilimwona mdogo wangu wa mwisho akipandishwa basi la Manyoni. Nikasema kutoka kwenye kigoda:

"Cherekombavu, mama."

"Nini?"

"Cherekombavu. Mbavu zinakuwa na shangwe zake. Ukicheza, zinaanza kucheza kabla yako."

Yule mama wa Area D akageuka kushoto, akageuka kulia, akatikisa kidogo. Njano ikafunguka na kujikunja. Akacheka kile kicheko chake. Mama wa bwana harusi akashika ubavu wa gauni lake lisilo na kitu.

"Na hili langu, mnaweza kulitia?"

"Aa, mkwe," mwenzie akasema, "ungeomba mapema."

Mama Fundi hakunipongeza. Jumamosi wakati wa kufunga alisema tu, "Jumatatu uwahi." Hiyo ndiyo barua yangu ya ajira.

Wiki iliyofuata yule mama alirudi na majirani watatu, wote wakitaka cherekombavu. Wakati wa kuondoka aliniinamia. "Kijana, mimi nyumbani nina futi. Kiuno changu ni arobaini na nne, nakijua kama jina langu. Ila hapa nilipimwa kwa heshima, na mkwe wangu akasikia." Tangu siku hiyo nilielewa kuwa utamwongo hausemwi na mtu mmoja. Anayesema anajua, na anayeambiwa anajua, na wote wawili wanaubeba pamoja kama watu wanaohamisha kabati.

Nikawa mtunga majina wa duka. Mteja aliponenepa nasi tukasingizia kitambaa kwamba kimerudi kwenye maji, hiyo ikaitwa pambakosa. Kesholeo ni gauni tuliloapa litakuwa tayari kesho na bado halijaguswa. Mkataji aliichukia, akasema hiyo ina chumvi, si sukari, na alisema kweli. Hata nyumbani neno lilizaliwa. Ugali ulipokuwa mdogo nilikuwa nasema nimekula kazini. Mdogo wangu wa kike, mwenye miaka minane, alinitazama tumbo akasema, "Kaka ana shibahewa," kisha akakata tonge lake katikati. Neno hilo likamfikia Mama Fundi. Kuanzia siku hiyo sufuria ya mchana pale dukani iliongezwa maji ya mtu mmoja.

Mkataji aliporudi kwao Kondoa, mkasi ukawa wangu. Baadaye nilikwenda karakana ya sare za shule, chini ya Msimamizi aliyependa karatasi. "Hapa hatupimi watu," aliniambia, "tunapima makundi. Dogo, kati, kubwa." Kazi ilikuwa ya uhakika na wadogo zangu wakamaliza shule wote watatu, lakini miaka ile sikusikia mtu akicheka mbele ya kioo. Yule wa mwisho alipopata ualimu, nilimuaga Msimamizi nikafungua duka langu Nzuguni.

Nyinyi mnaoshona leo mnatumiwa vipimo kwenye simu, na hakuna benchi la kusikiliza. Sawa. Ila mtu bado atasimama mbele ya kioo chenu akikusubirini mseme kitu. Mpeni gauni linalomtosha kwanza, ndipo mmpe neno.

Mwaka huu, Jumamosi moja, msichana mmoja, mfanyakazi wa ofisi, alikuja kuchukua gauni lake. Lilimkaa vizuri. Lakini nilipovaa miwani niliona mshono wa mgongoni umepinda kama njia ya mbuzi. Naye alikuwa ameshauona kwenye kioo, kwa maana alivuta nywele zake taratibu zikaufunika.

"Shikamoo yako babu, umeshona vizuri mno," alisema. "Mshono umenyooka kabisa."

Alisema bila kupepesa jicho, tena kwa upole. Mama Fundi mwenyewe angempa kazi siku hiyo hiyo. Nikamshukuru, nikamwomba avue, nikakaa siku nzima nikiufumua na kuushona upya polepole, mkono mmoja ukiongoza na mwingine ukipapasa. Aliporudi jioni ulikuwa umenyooka kweli. Nikamsindikiza hadi barabarani, nikarudi nikicheka peke yangu, nikaifunika cherehani kwa mara ya mwisho, na Jumatatu sikwenda tena dukani.