Mkia Ulioliwa

Mpimaji wa samaki wanaoshushwa kwenye mwalo wetu hapa Muleba haitikii salamu mpaka aguse ubao wake. Kila sangara anamlaza ubavu, anamsukuma mpaka pua iguse ukingo wa ubao, anamfunga mdomo kwa kidole gumba, kisha anaunyoosha mkia kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayepiga pasi sare ya shule. Vidole vyake vimejaa alama za miiba ya pezi la mgongoni, na siku hizi akichomwa hata hashtuki. Asiyefika sentimita hamsini hauzwi. Yeye anataja namba tu, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa.

Jana ilifika zamu ya Kokuberwa, anayekaanga samaki Izigo, na sangara wake mmoja. “Arobaini na tisa,” mpimaji akasema. “Waitu, tazama mkia!” Kokuberwa akalalamika. “ Fisi maji kamng'ata wavuni. Angekuwa mzima angefika.” Mpimaji akaupapasa ule ukingo wa mkia uliochanika. Akaweka kidole pale palipokosekana mkia, akakiacha hapo, sote tukasubiri. “Mama, napima kilichopo,” akasema, akamtia sangara kwenye beseni la waliokataliwa. Kisha akainama, akamfunga tena yule samaki mdomo, ingawa kupima kulikuwa kumekwisha.