Nilimpeleka kupalilia mihogo siku wageni wa wilaya walipokuja

Admin, jina langu lisitokee, na shule usiitaje hata wakikubana kwenye komenti. Mimi ni mama wa miaka sabini na sita, mwalimu mstaafu, naishi Chamazi. Naandika kwa kidole kimoja na miwani puani, kwa hiyo mnivumilie. Mliokuja kunitukana subirini kwanza nimalize, mtapata cha kusema.

Enzi za Ujamaa nilipangiwa shule ya huku huku Chamazi. Wakati huo kulikuwa mikorosho na mihogo mitupu, ukisema unakwenda mjini kila jirani anakupa maagizo. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, nimetoka chuoni na cheti changu, najiona kweli kweli. Nikapewa darasa la tatu. Watoto arobaini na kitu, na kati yao saba walikuwa hawajui kusoma kabisa. Mmoja wao nitamwita Zuhura, binti wa mchonga vinyago aliyehamia kutoka kusini. Mtoto mpole, mchapakazi, ila ukimwekea kitabu mbele anatoka jasho.

Siku moja mwalimu mkuu akatuita ofisini. Akasema, "Wiki ijayo wanakuja watu wa elimu kutoka wilayani. Wanatafuta shule zilizo nyuma. Watakayoiona ina hali mbaya watailetea mwalimu wa kukaa na wasiojua kusoma mwaka mzima, na vitabu juu. Kwa hiyo msifiche kitu." Narudia, ili msinitetee: alisema msifiche kitu.

Mimi nikaficha. Sikuwa na sababu yoyote zaidi ya aibu. Niliwaza watakavyoandika kwenye daftari lao kwamba darasa bovu ni la yule binti mpya. Tulikuwa na shamba la shule nyuma ya mikorosho, elimu ya kujitegemea, kila darasa na matuta yake. Asubuhi ile nikawapa wale saba majembe, nikawaambia wakapalilie mihogo mpaka kengele ya kutoka. Zuhura alifurahi sana. Alipenda shamba kuliko darasa, na mimi nilijua.

Wageni walikuja wawili. Kila mtoto waliyemwinua alisoma bila kukwama. Mwalimu mkuu akanigeukia mbele yao, "Darasa lako ndio wote hawa?" Nikajibu, "Ndio, waliobaki wanaumwa." Yule mgeni mkubwa akanipa mkono. "Hongera, ndugu mwalimu. Hapa hamna tatizo, mwalimu wetu tutampeleka kwingine." Nafasi ya kusema ilikuwepo. Nikashukuru.

Mchana Zuhura akaja mbio na udongo mpaka kwenye viwiko. "Mwalimu, tumemaliza matuta yote!" Nikamwambia hongera.

Yule mwalimu wa ziada akapelekwa shule nyingine. Zuhura aliacha shule darasa la nne bila kuweza kuandika jina lake. Kilipokuja kisomo cha watu wazima alikataa kwenda, akasema kichwa chake hakishiki, asiwasumbue watu.

Leo ni jirani yangu, bibi mwenye wajukuu, na hakuna anayenitunza kama yeye. Nikiumwa ndiye anayenipikia uji. Mimi ndiye macho yake: namsomea karatasi za kliniki, meseji za wanawe, hata pakiti za dawa ya presha. Watu wakimtania anasema, "Mie kichwa changu kigumu toka utoto, muulizeni Mwalimu." Wanacheka, na mimi nacheka nao. Miaka yote hii nimekuwa nacheka nao, jamani.

Jana jioni akaja kibarazani kwangu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri tu. Huyu mjukuu wangu wa darasa la nne, kusoma bado kunampiga chenga. Sasa Jumatatu watu wa halmashauri wanakuja shuleni kwao, eti wanaangalia watoto wasiojua kusoma ili shule isaidiwe. Mwalimu wake kamwambia siku hiyo asiende, apumzike. Nimwache tu nyumbani, eti? Bora asiwaaibishe wenzie."

Nikamwambia, "Zuhura, mpeleke. Mpeleke mwenyewe, akae mbele kabisa."

Akanishangaa. "Lakini mwalimu wake kasema. Mwalimu gani atamtakia mtoto mabaya? Mbona wewe hukututakia?"

Nilijifanya kukohoa, akaenda kuniletea maji.

Leo ni Jumamosi. Nimejaribu tena asubuhi kumwambia ampeleke, amecheka, anasema uzee umenifanya mbishi. Anamwamini mwalimu wa mjukuu wake kwa sababu aliniamini mimi, na najua hakuna kitakachombadilisha isipokuwa ukweli wa siku ile ya mihogo. Nikiusema naweza kumpoteza, na mimi sina mwingine wa karibu. Nikinyamaza, yule mtoto Jumatatu atakaa nyumbani, na nitakuwa nimewafanyia hivyo wawili.

Kichwa cha Zuhura hakikuwa kigumu. Nishaurini, wanangu: mtu wa miaka sitini na kitu unaanzaje kumwambia maneno hayo, wakati ameshika kikombe chako cha uji?