Kadi ya Kudumu ya Justa

Kwa miaka kumi na sita Justa Kokugonza aliwapikia wafanyakazi wa kiwanda chetu cha minofu ya sangara, hapa Nyakato, akiwa kibarua. Kila miezi mitatu mkataba wake ulikufa, ukafufuliwa, naye akatakiwa kushukuru. Mimi mwenye shahada niliajiriwa maabara moja kwa moja, ajira ya kudumu, kabla sijajua hata choo kiko wapi. Nalisema hili kwa hasira wala siombi radhi.

Mwezi uliopita hatimaye alipewa barua ya ajira ya kudumu, pamoja na kadi mpya ya kufungulia lango. Asubuhi yake ya kwanza alikuja amevaa kitenge kipya, akaigusisha kadi kwenye mashine. Taa nyekundu ikawaka. Kioo kikaandika: muda wa kadi ulikwisha mwaka 1963.

Vibarua waliokuwa nyuma yake walipita mmoja baada ya mwingine kwa taa ya kijani.

"Mama Justa, kumbe ulifukuzwa kabla hujazaliwa!" Luhende, mlinzi, alicheka.

"Cheka, baba, lakini nifungulie. Uji haujikorogi wenyewe."

"Mashine imekataa. Nikikufungulia, kesho kibarua ni mimi."

Justa naye alicheka, ila akaigusisha kadi tena na tena. Nikampigia simu Pius, fundi wetu wa kompyuta. Akaja mbio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wamebadili mawazo? Sema tu."

"Hapana, mama! Kosa ni langu. Wenzako wote niliwaandikia kadi ziishe 2030. Wewe nikasema, huyu amesubiri mno, nimheshimu. Nikakuandikia 2099."

"Sasa 1963 imetoka wapi?"

"Kompyuta ya lango haijui tarehe kama sisi. Inahesabu sekunde tangu mwaka 1970 ulipoanza. Waliobuni mfumo wake waliipa hesabu hiyo nafasi finyu, kwa sababu zamani kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali. Nafasi hiyo itajaa Januari 2038. Ukivuka hapo, namba inageuka kuwa hasi, na tarehe inarudi nyuma ya 1970; ndiyo maana 2099 yako ikaangukia 1963. Kompyuta za siku hizi zina nafasi pana, hazina tatizo hilo."

"Na lango hili tumelinunua mwaka jana," nilisema.

Pius alitazama viatu vyake. "Lilikuwa bei nafuu, madam."

Wabunifu wale nawaelewa. Wanunuzi wetu siwaelewi hata kidogo.

"Nikuwekee 2037, mama. Ndio mwisho wake."

Justa aliificha kadi nyuma ya mgongo. "Mwisho tena? Nimeishi kwa tarehe za mwisho miaka yote, Pius. Kudumu gani huko kunakoisha?"

"Kadi inafungua lango tu, Justa," nilimwambia. "Ajira yako iko kwenye barua, na barua haina tarehe ya mwisho. Utaondoka kwa kustaafu."

Alipiga hesabu kwa vidole. "Mwaka 2037 nitakuwa nimeshastaafu, niko kwetu Kagera napalilia migomba." Kisha akamgeukia Pius. "Wewe utastaafu lini?"

"Elfu mbili hamsini na nane."

"Basi shida ni yako, mwanangu. Anza kulitengeneza lango hili mapema." Akamkabidhi kadi. "Andika."

Taa ya kijani iliwaka. Luhende alipiga saluti. Uji ulichelewa siku hiyo, na hakuna aliyethubutu kulalamika.