Mbwa wa Aleji

Jamani, leo mbwa wangu amefukizwa.

Mume wangu ana aleji ya manyoya. Akikutana na mbwa wa kawaida, chafya zake zinasikika hadi kata jirani ya Msasani. Tumehangaika sana kutafuta ile aina adimu yenye nywele za kujisokota, isiyopukutisha manyoya. Jana kambwa ketu kakashuka kwenye basi la kutoka Dar. Katoto bado.

Nikawatangazia majirani hapa Bulyaga: "Tumepata mbwa wa aleji!"

Mtaniambia nimekosea wapi. Dawa ya kikohozi si huondoa kikohozi? Haya, na mbwa wa aleji je?

Asubuhi Bibi Atupele wa nyumba ya pili akapiga hodi, chane ya ndizi mkononi, mafua yamemkaba.

"Mwalimu, naomba hiyo mbwa yako kidogo."

Nikadhani anataka kumwona tu. Nikampa.

"Ndaga, mwanangu," akanishukuru.

Akakaa kwenye kigoda, akampakata, akajifunika kitenge gubigubi, yeye na mbwa, kama mtu anayejifukiza majani ya mkaratusi. Nje ulibaki mkia tu. Ndani nasikia pumzi zinavutwa kwa nguvu.

Mume wangu akatokea na mswaki mdomoni, akatazama, akarudi ndani.

Kitenge kikafunuliwa. Bibi anapumua vizuri kabisa.

Mbwa akapiga chafya.

Akapiga nyingine.

Bibi akanirudishia kwa huruma.

"Umeona? Aleji imehamia kwake. Sasa na yeye mtafutieni mbwa."