Kiraka cha Parachuti ya Mwanangu

Mtoto wa dada yangu alirudi Sumbawanga kutoka Arusha na begi kubwa mgongoni. Nikadhani ni mitumba. Kumbe ni parachuti, ile ya kujifunga mikanda na kujirusha kutoka mlimani. Huko alikuwa akihudumia wageni wanaoruka, wakamfundisha, mwisho wakampa moja iliyochoka. Bawa la kushoto lilikuwa limechanika, mpasuko wa urefu wa mkono mzima.

"Shikamoo mama mdogo. Nishonee hii, niruke pale ukingoni mwa mlima, nikatue bondeni Rukwa."

Nikamwambia mimi nashona sare za shule na magauni ya kipaimara, sishoni sanda. Akacheka. Mama yake hakucheka. Dada alikuja kibandani kwangu mikono ingali na unga, akaniambia mbele ya wateja: "Ukimshonea, ujue wewe ndiye umemrusha."

Hapo nikanaswa. Kukataa kulikuwa rahisi, lakini namfahamu mtoto huyu: angevuka barabara kwa fundi mwingine, apigiwe uzi wa pamba haraka haraka. Ikanibidi nishone vizuri kuliko nilivyowahi kushona, kwa ajili ya jambo nisilolitaka kabisa. Kwa hasira nilizokuwa nazo, nilivunja sindano ya kwanza.

Nilianza kwa mazoea. Nikapinda kingo za mpasuko kwa ndani, kama mtu anavyoficha nyuzi za gauni, nikazishona pamoja. Kupendeza, lilipendeza. Kisha mimi na mtoto tukaitandaza parachuti kwenye sakafu ya ukumbi wa parokia, tukaikunja katikati, bawa juu ya bawa, kama ninavyolinganisha miguu ya suruali. La kushoto lilikuwa fupi kwa upana wa kidole. Suruali ya namna hiyo mtu anaivaa na kwenda misani. Mtoto akasema, kwa upole tu, kwamba hewani ingemvuta upande mmoja mpaka kwenye mwamba. Nikachukua mkasi.

Nikafumua yote. Nikaweka kiraka cha nailoni kikiwa kimelala, bila pindo wala kuvuta, kwa mishono mirefu ili matundu ya sindano yasije yakafungua mpasuko mpya. Tukakunja tena. Mabawa yakalingana.

Siku ya kuruka baridi ilikuwa kali na upepo ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Dada alishika rozari, akanipa mgongo. Mtoto akakimbia, ardhi ikamwishia, akaning'inia. Watu wote walimtazama yeye. Mimi nilitazama kiraka, mpaka kikawa kama punje ya ulezi, na kilipopotea niliendelea kutazama pale pale.

Tukasubiri simu. Ilipoita, dada alishindwa kubonyeza, nikapokea mimi.

"Mama mdogo, nimetua. Niko kwa wafugaji, wamenipa maziwa. Ila samahani, upepo umeniburuza kwenye miiba. Imechanika vibaya, kuliko mwanzo."

"Imechanika? Na wewe?"

"Mimi mzima."

Sijawahi kufurahia nguo kuchanika kama siku ile. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na dada akanishika bega, akauliza kimechanika nini.

"Kitambaa," nikamwambia. "Kitambaa tu."

Akaketi kwenye nyasi, akafuta uso kwa kitenge. Kisha akaniambia neno lake la kwanza la upole tangu asubuhi: "Mwambie akilete, utamshonea."