Mmenya Mapeasi wa Paarl

Tarehe 9 Februari 1954, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa sita mchana, mmenya mapeasi wa kiwanda cha matunda cha mji wa Paarl, Afrika Kusini, alizungumza na mtu mmoja mmoja tu. Serikali ilikwisha kumwita mkomunisti kwa sababu ya chama cha wafanyakazi; ikamkataza kuhutubia; akisema na zaidi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, ni gerezani, na polisi alisimama mlangoni akimkodolea macho. Yeye alimenya kwa utulivu, ganda likishuka refu bila kukatika, midomo ikimcheza kana kwamba ameficha peremende. Alimnong'oneza Drieka, jirani yake: "Kesho hatumenyi mpaka watuongeze ujira. Mpe mwenzio." Drieka akampa mwenziwe huku amebana cheko, na neno likaizunguka meza nzima hadi likamrudia mwenyewe katika sikio la pili.

"Usiniambie, shoga! Nani kayasema hayo?" mmenya mapeasi akajifanya kushangaa.

"Sijui, dada. Labda mapeasi," akajibu jirani wa upande wa pili.

Meza ikaangua kicheko.

"Mnacheka nini?" polisi akauliza.

"Tumekuta funza, bwana mkubwa," Drieka akamjibu. "Kanenepa kweli."

Kesho yake hakuna aliyegusa kisu. Mwaka mmoja baadaye ujira ulikuwa umepanda, na mmenya mapeasi alikuwa bado amekatazwa kuhutubia.